Kaka kaweka rehani nyumba ya urithi: tutatolewa?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni watu wa Wete, Pemba. Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita, akamwacha mama yetu na watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mirathi haijagaiwa na mama anaishi katika nyumba hiyo. Mwaka jana kaka mkubwa alikopa kwa mkopeshaji mmoja wa mjini ili akodi mikarafuu. Alimpa ile karatasi ya baba ya kununulia kiwanja, wakasainiana. Msimu haukuwa mzuri, hakulipa. Sasa tumeletewa barua ya kututaka tuhame ndani ya siku 14. Yupo pia fundi aliyeezeka nyumba wakati wa uhai wa baba, anasema kuna pesa zake hazijamalizwa. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba kule deni linakaa juu ya nyumba mpaka lilipwe, na hata fundi wa paa anaweza kuifunga nyumba isiuzwe. Je, na huku ni hivyo? Tutatolewa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Kwanza la haraka: msihame, na mama asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote atakayoletewa.

Barua mliyopewa ni ya mdai. Mdai ana haki ya kudai na kuandika barua, lakini hana uwezo wa kumtoa mtu nyumbani kwake. Uwezo huo ni wa mahkama, na mahkama huutumia baada ya kesi, hukumu na amri. Amri ya mahkama huijua kwa kuitazama: ina jina la mahkama, namba ya kesi, majina ya wadaawa (pande mbili za kesi), tarehe, muhuri, na sahihi ya hakimu au mrajis. Kama barua yenu haina hayo, hizo siku 14 kajipangia mwenyewe. Kama mna namba ya kesi, basi mambo ni mengine, na mmoja wenu aende mahkamani kesho asubuhi akaombe kuliona jalada. Watu wengi hupoteza nyumba kwa sababu kesi ilisikilizwa bila wao kuwapo.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Umenitajia madeni mawili. La mkopeshaji limekukosesha usingizi, na la fundi umelitaja kwa mstari mmoja. Mimi nikiyatazama naona kinyume chake. Deni la mkopeshaji linaigusa nyumba kwa sehemu ndogo, kama linaigusa kabisa. Deni la fundi, likithibiti, linawagusa nyote, na linatangulia hata fungu la mama.

Nianze na la kaka. Siku baba alipofariki, nyumba haikuwa ya kaka kwa sababu ni mkubwa. Ikawa ya warithi wote, ikisubiri madeni ya marehemu yalipwe na mirathi igawiwe. Kama baba hakuacha mzazi aliye hai wala mke mwingine, hesabu yenu ni hii. Mama ana thumni, yaani moja ya nane. Saba ya nane iliyobaki ni ya watoto, mwanamme akichukua mara mbili ya mwanamke. Igawe nyumba mafungu 64: mama ana 8, kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Ukijumlisha, 8 na 42 na 14, unapata 64. Kwa hiyo kaka yenu ana mafungu 14 katika 64, hata robo haifiki. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi alipokaa na mkopeshaji. Mafungu 50 yaliyobaki si yake, na mtu hawezi kumpa mwenziwe kitu ambacho mwenyewe hana. Mkopeshaji aliyepokea karatasi yenye jina la mtu aliyekwisha kufariki alikuwa na wajibu wa kuuliza warithi ni akina nani. Hakuuliza, na kosa hilo haliwezi kulipwa na mama yenu.

Tena kukabidhi karatasi si lazima kuwe ni kuweka rehani. Misingi yetu ya rehani Zanzibar imetokana na sheria ya uhamishaji mali, Sura ya 150, iliyotungwa mwaka 1917 kwa kufuata ile ya India ya 1882. Rehani kwa kawaida inatakiwa iandikwe, ishuhudiwe na isajiliwe. Ipo aina inayotokana na kukabidhi hati kwa nia ya kuzifanya dhamana, lakini nayo haiwezi kumfunga asiyekabidhi. Na kila rehani halali inamwachia mwenye mali haki ya kuikomboa: akileta deni na gharama zake kabla mali haijauzwa kihalali, anarudishiwa mali yake. Ikiuzwa ikazidi deni, kilichozidi ni cha mwenye mali. Mkopeshaji anayesema "umechelewa, nyumba imekuwa yangu" anajipa kitu ambacho rehani haimpi.

Hapa lipo jambo nataka mlichunguze kuliko yote. Muulizeni kaka, kwa upole lakini bila kumwacha akwepe: ile karatasi waliyosainiana ni ya mkopo au ni ya mauziano? Nimeziona nyingi za namna hii. Mtu anakopa milioni kadhaa, na badala ya mkataba wa mkopo anasainishwa hati ya mauziano ya nyumba, mbele ya mashahidi, pengine na sheha yupo, huku akiambiwa kwa mdomo kwamba ni dhamana tu na akilipa itachanwa. Siku ya kesi yale maneno ya mdomo hayana shahidi, na karatasi ina sahihi yake.

Mtindo huu una asili ndefu kwetu. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 wenye mashamba ya mikarafuu, Unguja na Pemba, walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo uliandikwa kama mauzo ya khiyari. Mwenye shamba analiuza, anabaki ndani yake kama mpangaji, analipa kodi kila mwaka, na akirejesha pesa ndani ya muda uliowekwa anarudishiwa shamba. Kodi ile ilikuwa ndiyo riba kwa jina jengine. Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, madeni yakawa mazito hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa wengine bila idhini, kisha mwaka 1938 ikatunga nyingine ya kusuluhisha madeni ya wenye ardhi. Wazee wa Pemba waliyasikia haya kwa baba zao. Inaniuma kuona karatasi za namna ileile zinaandikwa leo kwa vijana wanaokodi mikarafuu, tena bila hata lile sharti la kurudishiwa kuandikwa.

Kama kaka alisaini mauziano, msikate tamaa. Uuzaji wa ardhi Zanzibar haukamiliki kwa sahihi mbili na shahidi. Ardhi yote hapa ni ya umma chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992, na tulicho nacho sisi ni haki ya kuitumia pamoja na jengo lililo juu yake. Kuihamisha haki hiyo kwa mtu mwengine kunataka kupita Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1994. Karatasi isiyopita huko ina mapungufu makubwa, na karatasi iliyosainiwa na mrithi mmoja kati ya sita ina mapungufu zaidi. Lakini mapungufu hayajisemi yenyewe. Lazima mtu asimame ayaseme, mahali panapostahiki.

Kwa hiyo nendeni ofisi ya Kamisheni ya Ardhi huko huko Pemba mkaulize kama kiwanja kimesajiliwa, kwa jina la nani, na kama kuna rehani au zuio lolote limeandikwa juu yake. Hii ndiyo safari yenu ya kwanza, kabla ya wakili na kabla ya kukaa na mkopeshaji. Sheria ya Usajili wa Ardhi Na. 10 ya 1990 imeweka daftari ili mtu yeyote anayetaka kununua au kukopesha aone hali ya ardhi ilivyo. Mkikuta pameandikwa kitu, ombeni nakala. Mkikuta hakuna kitu, ombeni majibu kwa maandishi. Na ikiwa kiwanja hakijasajiliwa kabisa, kama vilivyo vingi Pemba, basi mkopeshaji hana cha kuonyesha isipokuwa karatasi ya marehemu, na nyinyi mna makaazi, majirani, sheha anayewajua, na haki ya mirathi. Mpelekeeni mkopeshaji barua ya kumwarifu kwamba nyumba ni ya warithi na mirathi haijagaiwa. Mbakie na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Siku akidai kwamba hakujua, barua hiyo itasema.

Tahadhari moja hapa. Ukitafuta mambo haya kwenye simu utakutana na maelezo mengi ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, mabaraza ya ardhi ya kata, ridhaa ya mke kabla ya nyumba kuwekwa rehani. Maelezo hayo ni sahihi kwa Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na sheria hiyo haifanyi kazi Zanzibar. Kwetu mgogoro wa ardhi unakwenda Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1994, na mirathi ya Waislamu ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana pamoja na Mahkama ya Kadhi. Nimeshaona familia imepoteza miezi ikifuata njia ambayo huku haipo.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Hatari ipo, ila haiko pale mnapoitazama. Mkopeshaji akiacha vitisho akaenda mahkamani kumshtaki kaka peke yake, na akashinda, anaweza kuomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe, kwa kukamata mali ya kaka. Mali ya kaka ni pamoja na yale mafungu 14. Mkisikia nyumba nzima imetangazwa kunadiwa na dalali wa mahkama, warithi wengine mna haki ya kuweka pingamizi kwamba mali iliyokamatwa si ya mdaiwa peke yake. Liwekwe mapema, kabla ya mnada, kwa sababu kuufuta mnada uliokwishafanyika ni kazi kubwa zaidi. Pingamizi likikubaliwa, kitakachouzwa ni haki ya kaka tu. Lakini atakayeinunua atakuwa mshirika wenu ndani ya nyumba, na mshirika anaweza kuomba mgao. Nyumba ya vyumba vinne haigawiki kwa mtu mwenye mafungu 14 katika 64, na hapo ndipo mahkama inaweza kuambiwa iuzwe yote, kila mmoja achukue chake. Mama anaweza kutoka nyumbani kwake kwa njia hiyo ndefu, na kila hatua ikawa halali.

Kinga yake ni nyinyi kumnunulia kaka fungu lake kabla mtu wa nje hajaingia. Ifanyieni nyumba tathmini, mpige hesabu ya mafungu 14, mkubaliane, na pesa hizo ziende moja kwa moja kwa mkopeshaji badala ya kupitia mkononi mwa kaka. Mpewe risiti, mrudishiwe karatasi ya baba. Iwe bei ya kweli na pesa za kweli. Kuandikiana kwamba kaka kawapa fungu lake bure, ili mdai akose cha kukamata, ni hila inayoweza kufutwa na mahkama, tena ni dhulma kwa mtu aliyetoa pesa zake. Mkopeshaji huyu kafanya pupa na kawatisha, lakini anadai haki yake kwa kaka, na deni ni deni. Na kama atakayenunua fungu hilo ni mtu wa nje kwa makubaliano na kaka, jueni kwamba washirika katika mali mna haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kununua kwa bei ileile. Inatakiwa idaiwe mara mnaposikia.

Yawezekana pia mkopeshaji akaja kwa sura nyengine, ya suluhu. Atasema: "Basi sitaki kesi, nyote mtie sahihi kwamba familia inalitambua deni, tuwape mwaka mzima." Pendekezo hilo linasikika la huruma, na ndilo ninalolihofia zaidi. Leo deni ni la mtu mmoja. Siku mtakapotia sahihi linakuwa la watu sita, na nyumba yote imeingia. Mkitaka kumsaidia kaka, msaidieni kwa pesa, si kwa sahihi.

Sasa fundi. Huyu alifanya kazi kwa ahadi ya baba, wakati baba yupo hai. Pesa iliyobaki ni deni la marehemu, na Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, inapotaja mafungu ya warithi inasema ni baada ya wasia na deni. Utaratibu unaujua: mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha ndiyo warithi. Maana yake ni kwamba yale mafungu 64 niliyokupigia hesabu yanahesabika baada ya fundi kupata haki yake. Hana rehani, hana karatasi ya nyumba, hajakutisheni, na pengine ni jirani anayewasalimia kila siku. Lakini haki yake imo ndani ya mirathi nzima. Muulizeni anadai kiasi gani, atoe ushahidi wake, mashahidi au maandishi, na mumlipe kabla ya jambo jengine lolote. Kama hamna pesa, liingizeni deni lake katika orodha ya madeni ya marehemu mirathi itakapofunguliwa. Baba yenu bado analibeba.

Je, fundi huyo anaweza kuifunga nyumba kama alivyosema binamu yako? Binamu yako anasema kweli kwa alipo. Marekani, fundi au muuza vifaa asiyelipwa anaweza, kwa sheria za jimbo, kuandikisha dai lake katika daftari la ardhi, likakaa juu ya nyumba bila kesi kwanza. Muda wa kuliandikisha na wa kulifuatilia mahkamani unatofautiana kila jimbo. Mamlaka ya kodi ya serikali kuu nayo ina dai juu ya mali ya asiyelipa, baada ya kumkadiria kodi na kumtaka alipe. Aliyeshinda kesi anaweza kuiandikisha hukumu yake juu ya nyumba ya aliyeshindwa. Mwenye nyumba haendi kulala nje siku hiyo. Anaendelea kuishi, ila akitaka kuuza au kukopa, daftari linafunguliwa, dai linaonekana, na kwa kawaida linalipwa kutoka bei ya nyumba kabla yeye hajapata chake. Majimbo kama Texas na Florida yanailinda sana nyumba anayoishi mtu na familia yake dhidi ya wadai wa kawaida, lakini hayaizuii benki iliyoikopesha nyumba hiyo, wala kodi ya nyumba, wala fundi aliyeijenga. Kwetu fundi hana njia hiyo ya mkato. Lazima adai, ashtaki, apate hukumu, kisha aombe ikazwe. Kwa hiyo mshukuru binamu yako, ila usiendeshe jambo la Wete kwa sheria ya kwake.

Lililowafikisha hapa ni miaka minne ya mirathi kukaa bila kufunguliwa. Najua kwa nini watu huchelewa. Mama yupo ndani, hakuna anayetaka kuonekana anamhesabia mama yake vyumba. Lakini kufungua mirathi si kuuza nyumba. Mnaweza kuthibitisha warithi na mafungu yao, kisha mkakubaliana kwa maandishi kwamba mama ataishi humo maisha yake yote na hakuna atakayedai mgao. Makubaliano hayo yanawafunga waliosaini, kaka akiwemo, na mkopeshaji wa kesho hatapokea tena karatasi ya marehemu kutoka kwa mtu mmoja akadai kwamba hakujua. Ulizeni pia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kama kiwanja hakimo katika wakf ya wazee. Ikiwa kimo, hakiuziki, hakirithiki na hakiwekwi rehani, na mjadala wote na mkopeshaji unaishia hapo.

Mkienda, chukueni cheti cha kifo cha baba, cheti cha ndoa ya mama, vyeti vya kuzaliwa vyenu watano, barua ya sheha, barua ya mkopeshaji na bahasha yake, na nakala ya karatasi aliyosaini kaka. Ikiwa mkopeshaji anakataa kutoa nakala, muandikieni mkiiomba, mueke ushahidi kwamba mliiomba. Kama uwezo wa kumlipa wakili haupo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake na hutoa msaada kwa wasio na uwezo. Kaka naye aende pamoja nanyi. Mkopeshaji amekuwa akizungumza naye peke yake, na kila siku kaka anayoona haya kukaa nanyi ni siku anayoweza kusaini karatasi nyengine.

Nitumie majibu ya Kamisheni ya Ardhi ukishayapata, pamoja na picha ya karatasi ya kaka, kurasa zote na nyuma yake.